Hayo Hayamo, Mama

Mabango mawili yalikuwa yamebandikwa bega kwa bega kwenye lango la ukumbi, na sura iliyokuwa juu yake ilikuwa moja. Mama yuleyule, gauni lilelile la bluu lenye kola nyeupe, mlango uleule wa mbao nyuma yake. Bango la kushoto liliandikwa KOMEO. La kulia liliandikwa KIZINGITI. Waliokuja kwenye tamasha walisimama hapo na vikombe vyao vya kahawa, wakageuza shingo huku na huko, wakacheka. Mmoja alisema bila shaka mchapaji alikuwa amelewa.

Mkasi hakucheka. Jina hilo alipewa na watu wa filamu kwa sababu ya kazi yake ya kuhariri picha, na watu wa nyumbani wakalipokea kwa mikono miwili kwa sababu ya ulimi wake. Komeo ilikuwa yake. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, kaitengeneza bila kampuni wala mfadhili, kwa kudunduliza na kubembeleza watu, na leo ilikuwa inaonyeshwa kwenye tamasha la kanda nzima mbele ya majaji waliotoka mbali. Siku kama hiyo mtu huiota. Ila mtu akiiota, haioti na kaka yake yumo.

Kaka yake alikuwa amesimama upande wa pili wa lango, kamera begani, anajifanya hamnazo. Walimwita Lenzi tangu ujana, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila kamera, hata msibani kwa baba yao. Kizingiti ilikuwa yake. Mkasi alimtazama anavyochekacheka na wageni, na damu ikamchemka. Alimchukia, na hakuona sababu ya kuitafutia chuki hiyo jina zuri zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliopita kaka na dada hawa walikubaliana kutengeneza filamu moja, hadithi ya mjane anayetakiwa aihame nyumba yake ili iuzwe. Mkasi aongoze, Lenzi apige picha, mama yao acheze mjane, na nyumba iwe ileile walimozaliwa. Shangazi, dada wa marehemu baba yao, alipewa nafasi ya jirani mwenye maneno, nafasi ambayo hakuhitaji kuifanyia mazoezi. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Mwishoni wakagombania mwisho. Mkasi alitaka mjane afunge komeo abaki ndani. Lenzi alitaka avuke kizingiti aende zake, mlango auache wazi. Wakapiga picha za namna zote mbili, kila mmoja akiamini mwenzake ataona aibu atakapojitazama. Hakuna aliyeona aibu. Siku ya mwisho walitukanana mbele ya mama yao, wakakumbushana mpaka ya utotoni, kisha kila mmoja akabeba nakala ya picha zote kwenye diski yake, akashika njia yake, akakata filamu yake.

Halafu wote wawili wakapeleka kwenye tamasha moja. Ndiyo akili yao hiyo. Tamasha lilikuwa na meza mbili za wachaguzi, kila meza na fungu lake la filamu. Meza hii ikaipenda Komeo, meza ile ikaipenda Kizingiti, na hakuna aliyeshtuka mpaka mabango yalipotoka kwa mchapaji.

Mkurugenzi wa tamasha, bwana mwembamba mwenye simu mbili, aliwaita ofisini kwake juma moja kabla.

"Nitazionyesha zote mbili, maana tiketi zimeshauzwa," alisema. "Lakini kwenye shindano naacha filamu moja. Siwezi kuwapelekea majaji mama mmoja mara mbili. Siku yenyewe, kabla hawajaketi jioni, mniambie ni ipi. Mkishindwa, zote nje."

"Hilo halina mjadala," Mkasi akasema. "Mwongozaji nilikuwa mimi."

"Ulikuwa unaongoza nini wewe? Ulikuwa unapiga kelele tu," Lenzi akasema. "Ukizimwa sauti, kuna kazi yako inayobaki pale?"

"Na wewe ulikuwa unabonyeza kitufe. Hata tumbili anabonyeza."

"Mtoto wewe, nitakuzaba kibao mbele ya huyu bwana."

"Zaba nione."

Mkurugenzi akainua simu zake zote mbili kama mtu anayejikinga na mawe. Akauliza kama hakuna mtu wanayemheshimu wote wawili. Ndipo Lenzi aliposema basi Mama ndiye aamue. Sura ni yake na nyumba ni yake. Akae azitazame zote mbili, asubuhi moja na alasiri moja, na atakayoichagua ndiyo hiyo, asiyeridhika akanywe maji. Mkasi alikubali harakaharaka, kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba na alijua mama yake hajawahi kumnyima kitu. Lenzi naye alitoa wazo hilo kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kwanza na alijua hivyohivyo. Walipompigia simu, Mama alisema, "Sawa, nitakuja. Hata hivyo nilikuwa nazingoja."

Sasa teksi ilisimama mbele ya lango. Shangazi alitangulia kushuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili. Mama akatoka amevaa gauni la kwenye bango. Watu wakamtambua, wakaanza kupiga makofi, na Mama akatabasamu, akamshika Shangazi mkono juu ya kiwiko, akapanda ngazi taratibu, akiinua mguu juu kuliko ngazi zenyewe zilivyotaka. Mkasi aliona ni maringo, akafurahi. Staa lazima aringe.

Mwaka mzima hakuwa amekanyaga nyumbani kwa kuogopa kumkuta Lenzi kule, na Lenzi naye hakukanyaga kwa kuogopa kumkuta yeye. Simu walipiga. Na kama ungemwuliza Mkasi, angekuambia hakumkosa mama yake hata kidogo, maana alimwona kila siku kwenye kompyuta. Alimrudisha nyuma, akampeleka mbele, akamsimamisha, akamkuza, mpaka akajua kila mkunjo wa shavu lake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama alimshika uso kwa viganja viwili, akampapasa mpaka kwenye nywele. "Umekonda."

"Kazi, Mama."

"Shikamoo, Mama," Lenzi akajipenyeza.

"Marahaba, baba. Na huyu naye amekonda?"

"Huyo?" Mkasi akasema. "Huyo anakula hata vya wenzake."

"Kila mtu anakula alichokipanda," Lenzi akamjibu.

"Hata salamu mnazipigania?" Shangazi akawatolea uvivu. "Tupisheni huko, mama yenu amesimama. Na wewe Lenzi hilo dude begani litakung'oa shingo."

Komeo ilianza. Mkasi hakukaa chini. Alipanda kwenye chumba cha projekta, akasimama nyuma ya fundi kwa sababu sauti ya ukumbi ule hakuiamini, akawa anamwambia pandisha, shusha, pandisha kidogo, mpaka fundi wa watu akamwuliza kama angependa akae yeye kwenye kiti. Kutoka juu pale aliona visogo tu. Pazia la dirisha moja halikufika chini, na ufito wa mwanga wa asubuhi ukawa unalala kwenye pembe ya skrini, ukamkera kuliko deni. Lakini filamu ilishika. Mvua ilipopiga bati, ukumbi ulitulia. Mwishoni mjane aliposukuma komeo na chuma kikalia kwenye tundu lake, mtu mmoja chini alisema "Naam!" kwa sauti, na makofi yakalipuka.

Mkasi alishuka hadi jukwaani miguu haigusi chini. Mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa wa kwanza kupewa kipaza sauti. Alisema ameona waigizaji wengi, lakini macho ya mama yule hajayaona popote. "Anamtazama mtu kana kwamba anatazama kitu kilicho mbali nyuma yake. Ni kama mjane ameshaondoka na mwili umebaki. Mlimfundisha vipi?"

Mkasi hakuwahi kumfundisha mtu yeyote kitu kama hicho. Alikuwa ameyaona macho hayo alipokuwa akihariri, akayapenda, akachagua vipande ambavyo yameonekana zaidi. Lakini mtu akishaulizwa jukwaani, tena mbele ya majaji, tena kaka yake yumo ukumbini, ukweli wa namna hiyo huwa mwembamba mno.

"Hilo tulilifanyia kazi sana," akasema. "Nilimwelekeza asimwangalie mtu, aangalie kumbukumbu."

Mama alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya mapaja.

Kisha mkono ukanyooka katikati ya ukumbi, na kabla Mkurugenzi hajawahi kuuzuia, kipaza sauti kilikuwa kimeshafika kwa Lenzi. "Mimi nina swali dogo kwa mwongozaji," alisema kwa ile sauti yake ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Hizi picha tamu hivi, nani alizipiga? Maana nimesoma majina yote mwishoni, mpaka la muuza maji, la mpigapicha sikuliona."

Watu wakaguna. Mkasi alikuwa ameliondoa jina hilo kwa makusudi, na aliliondoa akiwa anaimba.

"Mpigapicha alitoroka na mali ya kazi," akajibu. "Majina ya wezi huwa tunawaachia polisi."

"Mwizi ni wewe!"

"Jamani, jamani," Mkurugenzi akasema, akakinyakua kipaza sauti kikapiga yowe, watu wakaziba masikio, na mkutano ukaishia hapo.

Mchana Mkasi alimkuta Mama kwenye benchi la ukumbini, Shangazi akimmiminia chai kutoka kwenye chupa na kumshikisha kikombe mkononi. Akajibanza ubavuni kwa Mama kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo na anataka kitu.

"Imekupendeza, Mama?"

"Ngoja nimalize na ya pili. Nisije nikaonekana nimepanga."

"Siombi jibu. Naomba kujua tu kama imekupendeza."

Mama alifikiri. "Mvua umeiweka vizuri. Ile mvua ni ya nyumbani kabisa." Akanywa chai kidogo. "Umekata mengi, lakini."

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama. Ukiacha kila kitu watu watalala."

"Najua," Mama akasema. "Umekata mengi tu."

Shangazi akamwangalia Mkasi kwa jicho ambalo Mkasi hakulielewa, kisha akafunga chupa ya chai kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Alasiri, Mkasi hakupanda kwa fundi. Sauti ya Kizingiti iharibike ikitaka, hiyo haikuwa shughuli yake. Alikaa upande wa pili wa njia, mahali anapoweza kuuona uso wa Mama, kwa kuwa jibu lote lilikuwa pale usoni na yeye ndiye bingwa wa kuusoma.

Na alichokiona kilimfurahisha mno. Mama hakuwa anaitazama filamu. Skrini ilikuwa mbele na yeye uso ameugeuza kushoto, kuielekea spika iliyotundikwa ukutani, kichwa kimeinama kidogo. Picha za Lenzi zikapita, na ni lazima tuseme zilikuwa nzuri, vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, kivuli cha mlango kikitambaa sakafuni, na Mama hata jicho hakulirusha. Palifika mahali Shangazi, kwenye nafasi yake ya jirani, anarudi kinyumenyume kwa kuchungulia na kukalia ndoo ya maji, bila neno, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mama hakucheka. Alimwegemea Shangazi, Shangazi akamnong'oneza, ndipo akacheka kidogo, wenzake wameshanyamaza.

Imemchosha, Mkasi alijiambia, na moyo ukamruka kwa furaha. Hata anachekea adabu tu. Kwisha habari yako, kaka.

Filamu ilipokwisha makofi yalikuwa mengi, tena ya muda mrefu, lakini Mkasi hakuyajali. Mwandishi yuleyule wa gazeti akasimama akauliza habari za macho yaleyale. Lenzi akashika kiuno. Alisema ni suala la mwanga. Alisema aliuweka mwanga wake mahali ambapo jicho la mama yake lingeupokea bila kutua juu ya kitu, na kwamba ilimchukua muda mrefu kuupata. Alidanganya vizuri kuliko dada yake, kwa kuwa alitaja na aina za taa.

Sasa ikawa zamu ya Mkasi. "Swali kwa mpigapicha," alisema, na ukumbi ukakaa mkao wa kula. "Mjane kila anapotoka, anakwenda upande. Anaikosa katikati ya mlango, anakwangua ukuta kwa bega. Mara zote. Huo ni ufundi au ni kushindwa kupanga?"

"Anaipapasa nyumba yake," Lenzi akasema. "Anaiaga kwa mkono. Mtu mwenye moyo ataelewa."

"Mtu mwenye macho ataona alikosa alama."

Na kweli alikuwa akizikosa. Wakati wa kupiga picha Lenzi alibandika sakafuni vipande vya utepe mwekundu, ili Mama ajue mahali pa kusimama. Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji nyekundu. Mama akawa anasimama kabla ya utepe, au anaupita. Siku moja aliomba awekewe mweupe, Lenzi akacheka akasema staa ameanza kuchagua rangi, na Mkasi, kwa kuwa siku hizo bado walikuwa wakicheka pamoja, akacheka naye. Utepe mweupe haukuwepo. Hakuna aliyekwenda kununua.

Walikutana kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, chumba cha waigizaji kujipaka poda, chenye kioo kirefu na taa zake pembeni. Mama alikalishwa kwenye kiti katikati. Shangazi alisimama nyuma yake. Lenzi alikaa juu ya meza, kamera mapajani. Mkasi aliegemea ukuta, mikono kaifunga kifuani kama mtu aliyekuja kupokea kikombe chake. Nje ya mlango ulisikika mkwaruzo wa viatu vya Mkurugenzi, akienda na kurudi.

"Haya, Mama," Lenzi akasema. "Sema. Wala usimwonee mtu haya."

"Semeni nyinyi kwanza," Mama akasema. "Kile kipande changu mmekiweka wapi?"

"Kipi?"

"Cha siku ya mwisho, pale mlangoni. Nilisema kitu."

Ndugu wakatazamana, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya siku nzima bila kutaka kuumana.

"Siku ya mwisho ulikosea maneno, Mama," Lenzi akasema. "Ulitakiwa useme nyumba hii haiuzwi. Ukasema mengine."

"Nikasema yapi?"

Lenzi hakukumbuka. Lakini Mkasi alikumbuka, kwa kuwa kazi yake ni kukumbuka. Kipande hicho alikipitia mara moja tu, mwanzoni kabisa, akakitupa kwenye fungu la takataka pamoja na vile ambavyo mbwa amebweka au kamera imeyumba. Mama amesimama mlangoni, mwanga wa mchana unamjaa usoni. Anatakiwa aseme neno lake. Anageuka upande wa kamera, lakini si kwenye kamera, anasema: "Wanangu, hebu acheni kidogo. Mbona mmezima taa? Siwaoni." Sauti ya Lenzi, nyuma ya kamera: "Kata! Hayo hayamo, Mama." Na sauti yake mwenyewe, kali, ya mwongozaji: "Turudie, turudie, mwanga unatukimbia." Basi wakarudia. Mama akasema neno lake vizuri, na baada ya hapo wao wakaanza kutukanana.

"Taa zilikuwa zinawaka siku ile?" Mama akauliza.

"Zilikuwa zinawaka," Mkasi akasema. "Zote."

"Nilidhani hivyo. Nilipoona mnaendelea na kazi ndipo nikajua ni mimi."

Taa za kwenye kioo zilivuma.

"Huoni, Mama?" Lenzi akauliza kijinga.

"Naona mwanga na giza. Nikisogezewa kitu nakiona kinatembea. Sura zenu sizioni."

"Tangu lini? Mbona hukusema?"

"Nilisema!" Ilikuwa mara ya kwanza siku ile Mama kupandisha sauti, na Shangazi akamwekea mkono begani. "Nilisema mbele ya kamera yenu, na ninyi wote wawili mlikuwa mnanitazama. Mlitaka niseme mara ngapi? Nikajiambia basi, wana hasira, waache. Watakaa na hizo picha. Hawa ni watu wa kurudia neno moja kutwa nzima, watanisikia tu. Nikangoja simu. Simu zikaja, nashukuru. Wewe ukanieleza ubaya wa kaka yako, na wewe ukanieleza ubaya wa dada yako. Mwaka mzima. Leo nikaja mwenyewe. Ile ya asubuhi nikaisikiliza mpaka mwisho, nikakisubiri kipande changu, filamu ikapita. Nikasema huyu mdogo anapenda kukata, labda mkubwa atakuwa ameacha. Ikapita nayo." "Mnaniuliza ipi. Mimi simo."

"Alinikataza nisiwaambie," Shangazi akasema kwa uchungu. "Alisema wanangu wataona wenyewe. Kumbe mlikuwa mnapewa makofi kwa macho hayohayo. Nimekaa pale nawasikia. Mwanga wangu! Maelekezo yangu! Mngekuwa wadogo ningewachapa wote wawili."

Mtu angetegemea hapo walie. Walikuwa na sababu. Badala yake Lenzi aliruka kutoka juu ya meza.

"Umeona? Wewe ndiye uliyesema turudie!"

"Na nani alisema kata? Nani alisema hayo hayamo? Ni sauti yako ile, mimi ninayo!"

"Unayo! Kama unayo na ukaitupa, mimi lawama yangu nini? Wewe si ndiye mhariri?"

"Wewe ndiye uliyekuwa na jicho kwenye lenzi! Ulimwona kwa karibu kuliko mtu yeyote! Alikuomba utepe mweupe ukamcheka!"

"Na wewe ulicheka!"

Mkurugenzi akagonga mlango, akaingiza kichwa. "Samahani. Majaji wanaketi. Ni ipi?"

Mama akaugeuza uso ulikotoka mlio wa mlango. "Ondoa zote, mwanangu," akasema. "Hatukuelewana." Mkurugenzi akawatazama watoto, akangoja mmoja wao apinge, hakuona dalili. Akafunga mlango, na viatu vyake vikaenda visirudi.

Kwa hiyo yameisha, Mkasi alifikiri. Kazi ya mwaka, na ile ya mwaka uliotangulia. Alijaribu kumwonea mama yake huruma, na huruma ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kinachopekenyua. Kile kipande anacho. Kiko kwenye diski, kwenye fungu la takataka, na mwanga wake mzuri ajabu. Mama mlangoni: siwaoni. Sauti mbili za wanawe zikimkatiza. Hakuna komeo wala kizingiti kinachofikia mwisho ule. Huo ndio mwisho waliokuwa wakiutafuta mpaka wakakosana.

Akainua macho, akamwona kaka yake anamtazama, na akajua anafikiri hilohilo. Hawakuwa wamepatana kwa jambo lolote tangu siku ile ya matusi. Sasa walipatana bila neno.

"Mbona mmenyamaza?" Mama akauliza.

Ndipo Mkasi alipoiona ile taa ndogo nyekundu. Kamera ilikuwa imebaki juu ya meza, pale Lenzi aliporuka kuja kumfokea, imeelekezwa kwenye kiti, inarekodi. Pengine tangu mwanzo. Mama alikuwa katikati kabisa, na taa za kioo zimemzunguka, na uso umegeukia pasipo na mtu. Bega la Mkasi lilikuwa linaingia pembeni mwa picha. Ingekuwa ni ubishi wao wa siku zote, angeipiga teke meza nzima. Lenzi hakusogea, alimwangalia tu, akangoja.

Mkasi akarudi nyuma hatua moja, asimzibe.

"Wanangu?" Mama akanyoosha mkono mbele, akapapasa hewa. "Mko wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nipo hapa, Mama. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, na mkono wa Mama ulikuwa karibu kiasi cha kuufikia bila kunyoosha wake. Lakini alijua akijibu sauti yake itaingia, akaubana mdomo. Lenzi naye aliubana. Mkono wa Mama ukakaa hewani, ukachoka, ukashuka.

Shangazi alikuwa ameiona ile taa. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, muda mrefu.

"Wapo, wifi," akasema. "Wanakupiga picha."

Mama akatulia. Kisha akapeleka vidole shingoni, akainyoosha kola yake nyeupe, akakaa mgongo wima kama walivyomfundisha, akangoja mtu aseme aanze.